Pini

Mkwe wangu Lovina hana kifungo hata kimoja.
Gauni lake lote limeshikwa kwa pini.
Nilizihesabu siku aliyoanika nguo uani:
kumi na tatu, kazichomeka ukingoni mwa kitambaa
kama dagaa juani.

Khelef alinipigia kutoka Ohayo, akasema,
"Mama, kwao Waamishi hawana umeme.
Si kwamba umekatika. Hawautaki."
Nikacheka mpaka simu ikaniponyoka.
Sisi hapa Ole tulingoja nguzo miaka na miaka,
taa ya kwanza tukaipigia vigelegele kama bibi harusi,
na huko Marekani, ati, kuna watu wameufungia mlango!

Nikanunua feni. Nikanunua jiko la gesi,
nikaupaka ukuta rangi ya maziwa,
asije mtoto wa watu akatuona washamba.
Akafika. Akaipita feni, akalipita jiko,
akenda moja kwa moja kwa ng'ombe wa Faki,
akamtia kiganja puani, dume likatulia.
Kesho yake alikuwa juu ya gari ya ng'ombe, kamba mkononi,
anarudi Kangagani na magunia ya muhogo.

Basi nikadhani tumeelewana.

Usiku tukateremsha sinia:
wali wa nazi, pweza, pilipili ya kusaga.
Tukakaa duara. Yeye akachukua sahani,
akaenda kukaa karibu na mtungi,
akatupa kisogo.
Wifi yangu Bikombo akaniminya paja:
"Umeona? Anatuona najisi."
Siku tatu. Siku tatu nilimeza tonge kama changarawe.

Ya nne nikamuuliza Khelef. Akainamisha kichwa.
"Mama, kwao aliyetoka hawali naye meza moja.
Akenda kuwasalimia, mamake humpikia,
humwekea kimeza kidogo pembeni, na kitambaa chake.
Hakuwapa kisogo nyinyi.
Alikuwa anajiweka mahali pake."

Nilikwenda jikoni nikajifanya nakuna nazi.

Jioni nikamshika mkono, sikusema neno.
Lugha yangu haijui, na yake, Kijerumani cha mabibi,
watu wa miji yao huicheka
kama Unguja wanavyoicheka yetu.
Nikamkalisha baina yangu na Bikombo, goti kwa goti.
Akala kwa vidole vitano, wali ukamjaa mapajani.
Bikombo akauokota, punje kwa punje, akanyamaza.

Usifikiri yakaisha.
Siku ya walima mpiga picha alimwelekezea kamera,
akageuza uso.
Mimi, kwa ujuba wangu, nikampiga kwa kificho na simu yangu,
anamenya vitunguu, kikofia cheupe, mashavu mekundu,
nikairusha kwenye kundi la ukoo.
Mioyo ikamiminika, mashaallah zikamiminika.
Mtoto mmoja mpumbavu akamwonyesha.
Hakulia, hakugomba. Alikaa kwenye kibaraza cha nyuma
akizichomoa pini na kuzichomeka tena, palepale.

Hapo nikamkumbuka bibi yangu Mwanajaku,
alivyokimbilia mikarafuuni
siku waliyokuja watu wa vitambulisho na kamera yao.
Alisema sura Mungu kampa moja, haazimishi.
Tulimcheka.
Mimi nilimcheka zaidi.

Nikaifuta. Lakini Dubai walishaiona,
na Maskati, na shangazi wa Tanga
ameiweka mbele ya jina lake kama bendera.
Nimempigia mara mbili, hapokei.

Leo asubuhi natoka kwenda msibani,
ushungi unateleza, mikono imejaa vyombo.
Lovina akachomoa pini moja kiunoni kwake,
akaitia chini ya kidevu changu.
Vidole vyake vinanuka vitunguu.
Ilinichoma kidogo. Nikamwacha.

Zake zimebaki kumi na mbili.
Sijairudisha.